Panga Lililongoja Jumamosi

Ipo Alhamisi moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Kila nikisikia chuma kikisuguliwa kwenye jiwe huwa inanirudia yote, tangu asubuhi yake hadi jua linazama. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Siku hiyo nilifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii, na kazi hiyo ikamtoa mtu mwingine vidole viwili.

Lakini ngoja kwanza nikueleze nilifikaje hapo, maana nikianza na vidole utanihukumu kabla hujanijua.

Shule niliachia darasa la saba. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumwambia mama yangu kwamba kichwa ninacho, ila makalio hayakai kitini. Alisema kweli. Kitu chochote kinachozunguka, kinachotoa moshi au kinachonguruma nilitaka kujua kinafanyaje kazi, na nikishajua, hamu iliniisha nikaenda kutafuta kingine. Nimekuwa utingo wa lori la mchanga. Nimechanganya simiti kwenye mjengo, nimepaka mageti rangi, nimeuza mayai ya kuchemsha nje ya viwanda saa za chakula cha mchana. Hakuna mahali nilipomaliza miezi minne. Vijana wa mtaa wa Mbotela, ambako nililala sebuleni kwa binamu yangu, waliniita Tembea.

Hapo Mbotela ndipo nilipomkuta Mzee Makokha na baiskeli yake. Alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli, na badala ya kurudi kwao Bungoma kama wenzake, alibaki akajitengenezea mtambo wa kunoa. Baiskeli ilisimamishwa juu ya stendi ya chuma, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Mkanda wa ngozi ulitoka kwenye gurudumu ukazungusha jiwe lililofungwa mbele ya kiti. Ukipiga pedali jiwe linakimbia, ukiweka kisu cheche zinaruka. Nilisimama nikazitazama zile cheche kuanzia saa nne hadi saa saba. Mzee hakunifukuza. Saa saba aliniuliza tu, "Kijana, wewe huna njaa?" Kesho yake nilikuwa mtu wake.

Alikaa karibu na bomba la maji la mtaa, pale akina mama walipofulia. Siku tatu za wiki tulikuwa hapo, na siku mbili tulisukuma mtambo tukazunguka mitaa mingine, tukifuata Jogoo Road hadi Umoja na Mowlem. Visu vya jikoni tulinoa mwenyewe akisubiri. Vilevile mikasi ya mafundi wa nguo, na majembe ya wale waliolima kando ya mto.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo jambo lenyewe.

Miaka ile ya tisini mitaa yetu ilikuwa na mipaka ambayo haikuchorwa popote. Kijana wa Mbotela akionekana Mowlem bila mwenyeji aliulizwa anatafuta nini, na wa Mowlem akija kwetu aliulizwa vivyo hivyo, na mara nyingi swali lilikuja pamoja na kofi. Kofi lilizaa rungu, na rungu likazaa kitu kibaya zaidi. Vijana walipokuwa na jambo kama hilo, walileta panga kwa Mzee Makokha. Na nyumba za baraza la jiji hazikuwa na shamba, mwanangu. Kijana wa nyumba ya chumba kimoja ananoa panga la kukata nini?

Mzee hakuwakataa hata mmoja. Alilipokea panga kwa mikono miwili, akalipitishia kidole, akalitazama kwenye jua kama daktari anayetazama picha ya mfupa. Kisha alisema, "Hili lina kazi. Liache. Njoo Jumamosi." Akalifunga kitambaa, akaliweka ndani ya sanduku la mbao lililokaa nyuma yake. Sanduku lile halikuwa na kufuli.

Jumamosi kijana alipokuja, Mzee alimwambia bado. Alimpisha kwenye kiti cha baiskeli apige pedali kidogo, kwa kuwa miguu yake Mzee ilikuwa imechoka. Kijana alipiga pedali, na mtu akipiga pedali bila kwenda popote huanza kuzungumza. Katikati ya wiki Mzee alikuwa ameshapita kwa mama yake kijana, akanoa kisu cha nyumba, akauliza habari za watoto, bila kulitaja panga. Alikuwa ameshapita upande wa pili pia. Kule Mowlem alikuwa na Mama Auma, mwuza samaki, ambaye kila kijana wa mtaa ule alikuwa amekula kwake tangu akivaa kaptura. Hawa wawili hawakuwa na kikundi chenye jina wala muhuri. Walijuana na vijana, vijana wakawajua, na kila upande ulijua kwamba ukimwambia Mzee Makokha au Mama Auma neno, halitafika kwa chifu wala kwa polisi.

Mimi, pamoja na udadisi wangu wote, nilidhani Mzee ni mvivu. Kweli kabisa. Niliona mapanga manne sandukuni, mengine yamekaa mwezi mzima, nikajiambia huyu mzee atapoteza wateja.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, kwani mtu hawezi kuumiza mwenzake na panga butu?"

"Anaweza," alisema.

"Sasa kulikalia kunasaidia nini?"

"Aliyeamua kabisa hahitaji fundi," alisema Mzee, akatema mate kando, akaendelea na mkasi aliokuwa nao. Nilidhani amekwepa swali langu. Kumbe alinijibu lote.

Basi wiki ile kijana mmoja aitwaye Barasa alileta panga la baba yake. Barasa alikuwa mpole, mrefu, anaimba kwaya ya vijana kanisani, sauti nzito ya nne. Mdogo wake alikuwa amekwenda Mowlem kumwona shangazi yao. Wakamkamata, wakampiga hadi taya likavimba, wakamvua raba zake mpya akarudi nyumbani miguu mitupu. Aliyempiga alijulikana kwa jina: Tito. Mtaa mzima wa Mbotela ulikuwa ukimtazama Barasa kuona atafanya nini. Mzee alipokea panga. "Njoo Jumamosi."

Asubuhi ya Alhamisi ile Mzee alipanda basi kwenda Mowlem kuonana na Mama Auma. Aliniachia mtambo. "Noa visu vya jikoni," aliniambia. "Lililo sandukuni usiliguse."

Ilipofika saa tatu hivi, Barasa alikuja. Nyuma yake walikuwa vijana wawili wa mtaa, mmoja amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali.

"Niaje, Tembea."

"Poa. Sasa?"

"Mzae yuko?"

"Ametoka kidogo. Mnataka nini?"

Barasa alitazama sanduku, akawatazama wenzake. "Nilikuwa nimekuja tu kuangalia ile panga. Lakini alisema Jumamosi."

"Alisema Jumamosi," nikakubali.

Mambo yangeishia hapo. Lakini yule wa kofia akacheka. "Wacha hizo za Jumamosi. Kwani huyu si fundi pia? Ama ni wa kupigia mzae pedali tu?"

"Huyu?" mwenzake akadakia. "Huyu ni punda wa hiyo baiskeli, maze. Yeye anazungusha, mzae ananoa."

Akina mama bombani wakacheka. Mwanangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza kazi yoyote akiambiwa hajui kazi, huwa anaumia mahali pabaya. Nilifungua sanduku.

"Dakika ishirini," nikasema.

"Si lazima leo, Tembea," alisema Barasa. "Kama uko bize."

"Siko bize."

"Naweza kungoja Jumamosi. Mimi sina haraka."

Sauti yake ya siku ile naisikia vizuri zaidi sasa kuliko nilivyoisikia wakati ule. Wakati ule masikio yangu yalikuwa kwa yule wa kofia.

Na nisikudanganye kwamba sikujua panga lile lilitakiwa kwa kazi gani. Nilijua. Nilijiambia ni maneno tu ya vijana, watalitembeza mtaani waonekane halafu warudi kula. Mtu akitaka kuonyesha ufundi wake hakosi la kujiambia.

Nikapanda kwenye kiti. Nililinoa panga lile upande huu na upande huu, nikalinyunyizia maji, nikalilaza kwenye jiwe kwa pembe ambayo nilimwona Mzee akiitumia kwa visu vya wachinjaji. Nilimalizia kwa mkono, juu ya jiwe laini. Nilipomaliza nilishika karatasi ya gazeti kwa vidole viwili, nikaipitisha. Iligawanyika bila sauti. Wa kofia akapiga mbinja. "Ai, kumbe punda anajua!"

Nikamnyoshea Barasa panga. Hakulipokea mara moja. Alilitazama, kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika mlangoni akitegemea kuukuta umefungwa. Wenzake walikuwa wakingoja. Alichukua karatasi ya simiti iliyokuwa chini, akalifunga, akaliweka kwapani.

"Asante, Tembea," alisema.

Wakaondoka kwa miguu kuelekea Jogoo Road.

Mzee alirudi karibu na saa sita, na sijapata kumwona amechangamka vile. Alianza kusema kabla hajakaa. Mama Auma alikuwa amezungumza na Tito siku mbili mfululizo, na Tito amekubali. Leo saa saba ataleta zile raba kwa Mama Auma, na Jumamosi atakuja nazo Mbotela akiwa na mjomba wake, aombe msamaha mbele ya mama yake Barasa. "Jumamosi!" Mzee alirudia, akagonga sanduku kwa furaha. Sanduku likalia tupu upande mmoja. Akalifungua, akahesabu vitambaa kwa macho.

"La Barasa liko wapi?"

Nikamwambia.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Alikuja na wangapi?"

"Wawili."

"Yeye mwenyewe alicheka?"

Nikafikiri. "Hapana, Mzee. Hakucheka."

"Fungua mkanda. Shusha baiskeli."

Tuliufungua mkanda wa jiwe, tukaishusha kwenye stendi. Nikapiga pedali, Mzee amekaa nyuma kwenye keria ameshika shati langu. Njia nzima hakusema neno ila "kanyaga." Nilikuwa nikihesabu moyoni: saa tatu na nusu waliondoka, mwendo wa saa mbili kwa miguu, watakuwa wamefika zamani. Baadaye nilikuja kujua kwamba Barasa alikuwa amepita njia ndefu kuliko zote. Alisimama kwa binamu yake Umoja akaomba maji. Alisimama kutazama mpira wa watoto. Alimsalimia kila mtu aliyemjua. Kijana yule alitembea kutwa akitafuta mtu wa kumwuliza, "Barasa, umebeba nini hapo?" Hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuwa Mama Auma. Tulipoingia kwenye njia ya kibanda chake tuliwaona kwa mbali. Mama Auma alikuwa mwanamke mnene, amejifunga leso kifuani, ameinuka kutoka kwenye karai la mafuta na mwiko mkononi. Barasa alisimama mbele yake, wenzake nyuma.

"Umebeba nini, baba?" alikuwa akimwuliza. Tulikuwa karibu, tukasikia.

"Hakuna, mama."

"Hakuna gani ndefu hivyo? Hiyo si panga? Imenolewa na Makokha?"

Barasa akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi leta. Nina mbuta mkubwa hapa, kisu changu kinamchekesha tu. Leta nimkate, nikupe kipande ukale na wenzako." Akanyosha mkono, kiganja juu, kama anayedai chumvi kwa jirani.

Wa kofia akasema, "Maze Barasa, tulikuja kukata samaki?"

Lakini Barasa alikuwa ameshaanza kuifungua ile karatasi. Niliona mabega yake yakishuka. Alikuwa anampa, mwanangu. Naapa alikuwa anampa.

Hapo ndipo Tito alipotokea kwenye kona ya kibanda, mfuko wa plastiki mkononi. Alichoona yeye ni kijana wa Mbotela ameshika panga wazi, hatua mbili kutoka kwake. Hakukimbia. Aliruka, akalishika panga kwa mkono wa kulia, kwenye makali. Barasa alishtuka, akavuta.

Hakuna aliyempiga mtu. Hakuna aliyetukana. Makali yalipita tu, kama yalivyopita kwenye gazeti. Mfuko ulianguka, na raba mbili zikatoka zikalala kwenye vumbi, zimefuliwa, kamba zake zimefungwa pamoja.

Mama Auma aliivua leso yake akamfunga Tito mkono. Mkokoteni wa maji ulikuwa karibu. Wakatupa mitungi chini, Tito akalazwa juu. Aliyeusukuma hadi hospitali alikuwa Barasa, na yule wa kofia akivuta mbele, kofia ameitumia kufutia machozi. Hospitalini Tito aliulizwa ameumizwa na nani. Alimtazama Mama Auma, akasema alikuwa akikata samaki. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havikurudi.

Mzee na mimi tulikaa nje kwenye ukingo wa barabara. Nilitaka anigombeze. Nikamsimulia neno kwa neno yaliyosemwa bombani, kisha nikaanza kujitetea, kwamba sikujua, kwamba Barasa alilitaka panga lake, kwamba lilikuwa mali ya baba yake, mimi ni nani nimnyime.

"Ulipokuwa unamrudishia," Mzee akasema, "ulikuwa unatazama panga ama ulikuwa unamtazama yeye?"

Akanigeukia.

"Wewe unadhani hawa vijana hawajui nitalikalia? Wanajua wote. Mtu anaweza kunoa panga kwenye ngazi ya nyumba yao kwa jiwe la bure. Kwa nini analileta kwangu? Analeta ili wenzake wakimwuliza aseme, panga liko kwa Mzee, hajamaliza. Ndiyo aibu isimshike. Barasa alikuja kwako akiomba umzuie, tena mara tatu. Ukamnolea."

Hayo ndiyo maneno yote aliyonipa, na yamenitosha hadi leo.

Hasara kubwa zaidi ilikuja siku zilizofuata, na wengi hawakuiona. Vijana walianza kuja mmoja mmoja. "Leta yangu, mzae. Hapa kumeharibika." Kila mtu alijua sasa kwamba panga laweza kutoka kwetu kwa dakika ishirini, na lile neno "hajamaliza" halikumkinga tena mtu na wenzake. Mzee alifungua sanduku akawapa, butu vilevile. Kufikia Jumatano lilikuwa tupu. Hakuna aliyeleta lingine. Mapanga hayakuisha mtaani. Yalikuwa sasa chini ya magodoro, na hakuna mtu mzima aliyejua ni ya nani na yana kisa gani. Mara mbili miezi ile vijana wa Mbotela na Mowlem walikutana na kuumizana, na mara zote mbili Mzee alisikia habari kama watu wengine walivyosikia, baada ya mambo kutokea.

Mimi nilifunga mfuko wangu. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya kuvuta nyaya za simu kule Nakuru. Mzee alinikuta nikiwa kituoni.

"Ukienda," alisema, "watasema Makokha alikutuma, na sasa amekuficha. Ukikaa, watakuona kila siku, watakutukana, na siku moja watachoka. Mimi sitakulazimisha."

Nikarudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza maishani mwangu kurudi mahali nilipoondoka.

Alinipa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumfuata kila kijana aliyewahi kuweka panga sandukuni nimwambie kwa mdomo wangu: Mzee alinikataza, mimi nikagusa, kosa ni langu. Wengine walinisikiliza, mmoja alinimwagia maji ya kunawa. Ya pili ilikuwa kwenda kila Ijumaa nyumbani kwa akina Tito, Mowlem, na jiwe la mkono, nibishe hodi niulize kama kuna kisu cha kunoa. Wiki tano mlango haukufunguliwa. Nilisikia redio ndani, nikasema jina langu, nikangoja kidogo, nikaondoka. Wiki ya sita mlango ulifunguka kiasi cha mkono, na mkono wa mama yake Tito ukatoa kisu cha kukatia sukuma wiki. Nilikinoa pale pale kwenye ngazi, nikakirudisha. Wiki iliyofuata vilikuwa viwili. Ikafika mahali akaniambia, "Leo umechelewa," nami nikajua nimesamehewa kiasi cha kugombezwa.

Tito mwenyewe alikuwa akipita tu, mkono mfukoni.

Miezi minane baadaye, asubuhi ya Jumanne, nilikuwa kwenye kiti cha baiskeli pale bombani, Mzee amechuchumaa akipaka mnyororo grisi. Nikaona vijana watatu wa Mowlem wanaingia Mbotela mchana kweupe. Akina mama wakaacha kufua. Aliyetangulia alikuwa Tito. Chini ya mkono wa kushoto alikuwa na kitu kirefu kimefungwa gunia.

"Niaje, Tembea."

"Poa, Tito."

"Nimeleta panga." Alilifungua gunia kwa ule mkono wa vidole vitatu, polepole. Wale wawili nyuma yake walikuwa wakitazama nyumba za mstari wa tatu, ambako Barasa aliishi. "Nataka inolewe. Sana, kama ile."

Sikutazama panga. Nilimtazama yeye. Midomo yake ilikuwa mikavu, na macho yake hayakuwa na hasira niliyoitegemea. Nilikuwa nimeyaona macho hayo mara moja tu maishani, na mara ile niliyapita.

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikalipitishia kidole, nikalitazama kwenye jua.

"Hili lina kazi," nikasema. "Liache. Njoo Jumamosi."

Mmoja wa wale wawili akaguna. "Jumamosi? Sisi tumetoka Mowlem na miguu! Huyo si anaweza kunoa saa hii?"

"Fundi amesema Jumamosi," Tito akamjibu kwa ukali, na mabega yake yakashuka. "Si umesikia? Hajamaliza. Twendeni."

Wakaenda. Mzee hakuinua kichwa kutoka kwenye mnyororo. Alipomaliza kupaka grisi alisema, "Ulichukua muda kidogo kuliangalia. Lakini ni sawa."

Jumamosi Tito alikuja peke yake. Alipiga pedali mpaka saa nane, akaniambia mambo mengi ambayo si yangu kukuambia. Hakuliulizia panga siku hiyo, wala Jumamosi iliyofuata. Yeye na Barasa hawakuwa marafiki, nisikupambie hadithi. Ila walisalimiana, na kila mmoja aliweza kupita mtaa wa mwenzake. Baada ya hapo vijana wengine wakaanza kuleta tena, wachache wachache. Mzee alipozeeka akarudi kwao aliniachia baiskeli na sanduku. Mimi niliyekuwa nikiitwa Tembea nilikaa pale pale karibu na bomba miaka kumi na minne.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu najua utaitwa kusaidia. Mtaa bado una vijana wenye hasira, na watakaokuja kwako watakuwa wadogo zako, rafiki zako, pengine watoto wako. Akija mtu kukuomba kitu cha kuumizia, acha kukitazama kitu, mtazame yeye. Sikiliza anavyosema "si lazima leo." Usimwaibishe mbele ya wenzake, mpe sababu ya kungoja, na ukimpa, utembee siku hizo anazongoja, uende kwao, uende na upande wa pili. Alilokuachia, liwe panga au neno, libaki kwako. Usilitembeze hata kwa nia ya kujisifu, maana likitoka mara moja halikuumizi wewe peke yako, linawafungia mlango wote waliokuwa nyuma yake. Na zaidi ya yote, uwe mtu anayepatikana. Siku ile ile, mahali pale pale. Mimi nilidhani kukaa mahali pamoja ni kupoteza maisha. Kumbe kuna mtu anayetembea kutwa na kitu kwapani akitafuta nani amwulize, na hawezi kukupata kama kila siku uko safarini.

Panga la Tito ninalo hadi leo. Liko ndani ya lile sanduku, kitambaa chake hakijafunguliwa, na kutu imekipenya. Nimeagiza nikifa lisinolewe.

Mungu akuweke, mwanangu. Akujalie uso ambao mwenye hasira akiuona anakumbuka kupumua. Na siku itakapofika zamu yako wewe kubeba kitu kwapani, kwa kuwa hakuna asiyefikiwa na siku hiyo, akukutanishe njiani na mtu atakayenyosha mkono, kiganja juu, akwambie leta, uje Jumamosi.